Je, Pikipiki Humfanya Mtu Awe Dereva Bora wa Motokaa?

Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka kwamba katika muhula uliopita Chama cha Mjadala kilikutana bwaloni, na hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa hii: "Mtu aliyekwisha kuendesha pikipiki huwa dereva bora wa motokaa kuliko mtu ambaye hakupata kuiendesha." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande ulioiunga mkono hoja hiyo. Tulishinda kwa kura 61 kwa 38, na wenzangu wakanibeba mabegani mpaka mlangoni mwa bweni. Lakini leo naandika kuungama kwamba siku ile nilisema nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili nimeiona kwa macho yangu wakati wa likizo. Si haki kuwaacha watu 61 wakiamini nusu ya jambo, hasa kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka mwaka huu, na yamkini baadhi yetu tutashika usukani kabla ya kushika kazi nyingine yoyote.

Kwanza nieleze kwa nini niliiamini sana hoja ile. Baba yangu mdogo aliendesha bodaboda kwa miaka 6 huko Mombo. Mombo ni mji mdogo chini ya milima ya Usambara, pale ambapo njia ya kupanda Soni na Lushoto huachana na barabara kuu iendayo Moshi. Siku moja Baba Mdogo alikuwa akienda zake kwa mwendo wa kiasi, taa imewashwa, na kofia ngumu iko kichwani. Motokaa iliyokuwa ikija mbele yake ikakata kulia kuingia kituo cha mafuta, ikamziba njia. Alivunjika mguu. Dereva yule hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu mkorofi. Alishuka akitetemeka, akasema neno moja tu: "Sikukuona."

Neno hilo lilitugharimu sana nyumbani. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha, na mwaka ule mahitaji yangu ya shule yalinunuliwa kwa mbuzi wawili wa bibi. Baba Mdogo alipopona hakutaka tena kurudi kwenye pikipiki. Alikwenda shule ya udereva, akapata leseni ya motokaa, akaajiriwa kuendesha pikapu ya kuchukua kabichi na karoti kutoka Lushoto. Nami nilijiambia moyoni kwamba hapana dereva atakayekuwa mwangalifu kama yeye, kwa maana amekwisha kuonja uchungu wa kutoonekana. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu yote bwaloni.

Wakati wa likizo nilipanda pamoja naye katika pikapu ile kutoka Mombo hadi Lushoto na kurudi, mara 4. Nilikaa karibu naye, nikawa kama mwanafunzi katika maabara, nikitazama kila alilolifanya.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba macho yake hayatulii mahali pamoja. Dereva wa motokaa ana magurudumu 4, na mchanga kidogo barabarani haumsumbui. Mwenye pikipiki ana magurudumu 2 tu, na mchanga ule ule kwenye kona waweza kumlaza chini. Kwa ajili hiyo hujifunza kuisoma barabara kama sisi tusomavyo kitabu: hapa pana mafuta yaliyomwagika, pale pana changarawe, kule lami imemomonyoka. Njia ya Soni ina kona nyingi, na mara nyingi mvua huteremsha udongo mpaka juu ya lami. Baba Mdogo alikuwa akipunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Mwanangu, kwenye pikipiki ukishika breki kwa nguvu huku umeinama kwenye kona, utateleza uanguke. Nimezoea kumaliza kazi ya breki mapema." Desturi hiyo humfaa mwenye motokaa pia, kwa sababu tairi ikitumia nguvu yake yote kusimama, haibakiwi na nguvu ya kukata kona.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Kila tulipofika njia panda, Baba Mdogo alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, na huku akipeleka kichwa mbele na nyuma kama kuku anayetembea. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliigonga ile nguzo ya chuma inayoshika kioo cha mbele, akasema, "Nyuma ya chuma hiki anaweza kuwapo mtu kama mimi."

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia habari hiyo, naye akakubali tuijaribu kwa motokaa yake uwanjani Jumamosi moja. Tulipima upana wa nguzo ya upande wa kulia tukapata sentimita 10. Kutoka machoni pa dereva hadi kwenye nguzo ilikuwa sentimita 70. Tukaiweka pikipiki ya mwalimu mwingine umbali wa mita 21, yaani mara 30 ya umbali ule wa nguzo. Hesabu yake ni rahisi, na kila mtu wa Kidato cha Pili aliyejifunza pembetatu zinazofanana aweza kuifanya. Kwa jicho moja, nguzo ya sentimita 10 huficha upana wa mara 30, yaani mita 3. Lakini sisi tuna macho mawili, na kati ya jicho na jicho pana kama sentimita 6 na nusu, hata jicho la pili huona sehemu iliyofichwa kwa la kwanza. Ukiipunguza sehemu hiyo, hubaki upana wa mita 1 na sentimita 11 hivi ambao hakuna jicho hata moja linaloona.

Basi linganisheni. Motokaa ndogo ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu, kwa hiyo haifichiki yote. Lazima pembe yake itokeze. Lakini pikipiki ile, tulipoipima kutoka mkono wa kulia hadi mkono wa kushoto, ilikuwa sentimita 75 tu. Mwenzetu mmoja aliisukuma taratibu kuja upande wetu, nami nimeketi mahali pa dereva. Ilipofika mahali fulani ilitoweka, pamoja naye, kama kwamba ardhi imewameza. Nilipopeleka kichwa mbele kidogo, wakarudi. Tulipokezana, na kila aliyeketi pale alitoka kimya. Mimi nilikumbuka lile neno, "Sikukuona," na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba huenda dereva yule hakusema uongo.

Mwalimu alituongezea mambo mawili. La kwanza, ikiwa motokaa na pikipiki zote zinakaribia njia panda kwa mwendo usiobadilika, pikipiki yaweza kubaki nyuma ya nguzo ile ile kwa muda wote mpaka zigongane. La pili, macho yanaporuka upesi kutoka upande mmoja hadi mwingine, ubongo haupokei picha wakati wa mruko wenyewe. Kwa hiyo anayetupa jicho mara moja kulia na kushoto huona vipande viwili tu, na kitu chembamba chaweza kupotea katikati yake. Dawa yake ni kutazama polepole na kutazama mara mbili. Tena kitu chembamba kinachokuja moja kwa moja hukua machoni kidogo kidogo tu, hata mtu hudhani kiko mbali na chaja taratibu, na kumbe kimekwisha kufika.

Mambo haya hayakuonekana kwetu tu. Huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na taarifa yao ikatoka mwaka 1981. Waliona kwamba katika ajali za pikipiki na gari lingine, kama theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa gari lile aliingia katika haki ya njia ya mwenye pikipiki. Baadaye katika Ulaya zilichunguzwa ajali 921 za mwaka 1999 na 2000 katika nchi 5: Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Hispania. Hapo pia kosa kubwa la madereva wa motokaa lilikuwa kutoiona pikipiki. Na hili ndilo linalohusu hoja yetu: madereva wa motokaa waliokuwa na leseni ya pikipiki pia, walikosa kuiona pikipiki mara chache kuliko wale wasiokuwa nayo. Macho hutambua upesi kile ambacho moyo unakijua.

Laiti ningalikuwa na habari hizi siku ya mjadala, tungalipata kura 80. Lakini sasa nafika kwenye nusu ya pili, nayo haikunifurahisha kuiandika.

Ilikuwa safari yetu ya 4. Tuliteremka Mombo jioni tukiwa na mzigo wa kabichi, na mwenye mali akasema tuupeleke nyuma ya soko, kwenye kichochoro. Palikuwa na basi limesimama upande mmoja, na upande wa kushoto, penye pembe ya kichochoro, palikuwa na mkokoteni, na kijana wa miaka kama 12 ameegemea gurudumu lake akila muwa. Baba Mdogo alipeleka pua ya pikapu mbele, akaona imepita, akakata kushoto mara moja. Mimi mwenyewe nilidhani tumepita. Kumbe tulikuwa tumepita nusu tu. Ubavu wa nyuma uliukumba mkokoteni ukapinduka. Yule kijana aliruka. Muwa wake ulibaki chini ya gurudumu letu la nyuma, umepondeka.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Baba Mdogo alizima injini, akashuka, akamshika yule kijana mabega, akamtazama miguu yote miwili. Nadhani alikuwa akiufikiria mguu wake mwenyewe. Alilipa mkokoteni. Kisha aliketi kwenye ngazi ya duka kwa muda mrefu bila kusema neno. Hatimaye aliniambia, "Mwanangu, nilisahau kwamba nina mkia. Kwa miaka 6, pua ikipita, na mimi nimepita."

Maneno hayo niliyapeleka kwenye daftari la Hesabu, nikayaona kuwa kweli tupu. Chombo chochote kikikata kona, gurudumu la nyuma halifuati alama ya gurudumu la mbele, bali hupita ndani yake. Kanuni ya Pythagoras yatosha kuonyesha kiasi chake. Tuseme gurudumu la mbele lazunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 6. Katika pikapu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama mita 3. Sita mara sita ni 36, toa tisa, hubaki 27, na kipeo chake cha pili ni 5.2. Maana yake gurudumu la nyuma hukata ndani kwa sentimita 80. Katika pikipiki urefu huo ni kama mita 1 na robo, na ukifanya hesabu ile ile utapata sentimita 13 tu. Sentimita 13 mtu hazihisi. Sentimita 80 ni mahali pa kusimama mtoto.

Kuna jambo jingine, nalo ni uzito. Pikipiki pamoja na dereva na abiria mmoja ni kama kilo 250. Pikapu ile na kabichi zake ilikuwa kama kilo 2,500. Zikienda kwa mwendo mmoja, nguvu ya mwendo iliyomo katika pikapu ni mara 10 ya ile ya pikipiki, na nguvu hiyo yote haina budi kugeuzwa joto katika breki. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Soni, dereva anayetegemea breki peke yake huzichemsha mpaka zidhoofike, kwa hiyo yampasa kuteremka kwa gia ya chini na kuiachia injini kazi ya kuzuia. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, chombo hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo moja ndiyo ambayo dereva huitumia kushtuka tu kabla mguu haujafika kwenye breki.

La tatu ni tabia. Mwenye bodaboda hulipwa kwa safari, si kwa saa. Hujizoeza kupenya kila palipo na upenyo, na kuingia kila penye nafasi. Watafiti wawili, Horswill na Helman, waliandika mwaka 2003 kwamba watu walipopimwa kama waendeshaji wa pikipiki walichagua mwendo wa kasi zaidi, walipita magari mengine mara nyingi zaidi, na waliingia katika nafasi ndogo zaidi kuliko madereva wa motokaa. Mtu akiipeleka tabia hiyo ndani ya motokaa, ameleta msiba. Tena wengi wa waendeshaji wetu wamefundishwa na rafiki kwa nusu saa nyuma ya soko. Hurt naye aliona kwamba waendeshaji 92 katika kila 100 waliokuwamo katika ajali alizozichunguza hawakupata mafunzo rasmi. Walijifundisha wenyewe au walifundishwa na jamaa na rafiki. Miaka mingi ya kurudia kosa si ujuzi. Ni kosa lililozeeka. Serikali nayo haikukosea ilipoweka leseni ya pikipiki katika daraja A na za motokaa katika madaraja mengine, maana kufaulu mtihani mmoja si kufaulu wa pili.

Basi jibu langu sasa ni hili. Pikipiki humpa mtu macho ya dereva bora, lakini haimpi mwili wa motokaa. Macho yale ni mali, tena mali iliyonunuliwa kwa bei kubwa, na afaaye kuitwa dereva bora ni yule anayeyachukua macho hayo na kuiacha ile haraka ya kupenya huko huko kwenye pikipiki. Akija na vyote viwili, huenda akawa hatari kuliko mgeni, kwa sababu mgeni huogopa, na yeye hujiamini.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema, msikimbilie kununua pikipiki eti ili muwe madereva wazuri. Baiskeli yaweza kukufundisha mengi ya mambo yale ya macho kwa gharama ndogo na hatari ndogo: kusoma barabara, kujua upepo wa basi linapokupita karibu, na kukumbuka kwamba wewe ni mwembamba machoni pa wengine. Siku utakapoketi mbele ya usukani wa motokaa, mwombe mwenzako asimame nyuma na pembeni, uone ni wapi anapotea.

Kwa walimu, naomba jaribio lile la nguzo lifanywe kila mwaka uwanjani. Halihitaji kifaa chochote ila motokaa, pikipiki, futi kamba, na nusu saa. Wanafunzi watazikumbuka pembetatu zinazofanana maisha yao yote, kama mimi.

Kwa wazazi wetu wenye motokaa, nina ombi moja tu, nanyi mniwie radhi kwa kuwa mimi ni mtoto mbele yenu. Mkifika njia panda, pelekeni kichwa mbele na nyuma, hata kama watoto wenu watacheka. Nyuma ya nguzo ile anaweza kuwapo baba mdogo wa mtu.

Baba Mdogo bado anaendesha pikapu ile. Ameniandikia kwamba siku hizi kila akiingia kichochoroni hushuka kwanza, akazunguka gari lake mzima mzima, kisha akapanda tena. Watu wa sokoni humcheka, na yule kijana wa muwa humwonyesha kwa mkono mahali pa kupita. Asema safari zake zimepungua kwa siku, lakini usingizi wake umeongezeka. Nami, kama hoja ile ingaliletwa tena bwaloni leo, ningaliomba niruhusiwe kukaa katikati ya pande mbili, nizungumze na wote.